Oili ya difu ya nyuma: kwa nini ya kwanza humwagwa mapema

Difu ya nyuma hukaa katikati ya magurudumu mawili ya nyuma, ndani ya kasha la chuma ambalo wenye magari wengi hawajawahi kulitazama. Hupokea mzunguko wa propela unaokuja kwa urefu wa gari na kuugeuza uelekee kushoto na kulia. Kisha huyaruhusu magurudumu kuzunguka kwa kasi tofauti gari linapokata kona, kwa kuwa gurudumu la nje husafiri njia ndefu kuliko la ndani. Kazi hiyo yote hufanywa na vipande vichache: pinioni, krauni, gia ndogo za ndani na beringi zinazozishika, vyote vikiogelea katika oili ambayo kwa magari mengi madogo ni lita moja au zaidi kidogo.

Uchache huo wa oili ndio chanzo cha habari yote. Injini ya Toyota Mark X ya V6 hutumia oili lita 6 hivi, ina pampu ya kuisukuma na filta ya kuichuja, na mwenye gari huimwaga kila baada ya kilomita elfu kadhaa bila kuhimizwa na mtu. Difu haina pampu wala filta. Krauni huchota oili chini na kuirusha juu inavyozunguka, basi. Chochote kitakachosagika humo ndani hubaki humo humo mpaka siku mtu atakapoingia chini ya gari na spana.

Meno ya pinioni na krauni hukatwa kwa mpindo, na katika magari mengi ya leo pinioni huingia chini kidogo ya mstari wa katikati wa krauni. Mpangilio huo, uitwao haipoidi, ulitoka katika kiwanda cha Gleason cha Rochester, Marekani, na kampuni ya Packard ikauingiza kwenye magari yake mwaka 1926 ili propela ikae chini na bodi nayo ishuke. Difu ikapata nguvu na ukimya. Lakini meno ya haipoidi hayabingiriani tu. Hutelezeana kwa urefu wa jino huku yakibanana kwa nguvu kubwa mno. Oili ya kawaida ikibanwa hivyo hukimbia, chuma kikagusa chuma. Ndiyo maana oili ya difu hutiwa viambato vya salfa na fosforasi ambavyo, joto la msuguano likipanda, huungana na uso wa chuma na kuacha utando mwembamba unaosagika badala ya jino lenyewe. Ile harufu kali ya gia oili, inayowakumbusha wengi mayai viza, ni ya salfa hiyo.

Jino jipya, hata likitoka kiwandani linang'aa, lina vilima vidogo visivyoonekana kwa macho. Kilomita za kwanza ndizo zinazovisawazisha. Meno ya pinioni hulainishana na ya krauni, chembe laini za chuma huingia kwenye oili, na rangi ya asali ikageuka kijivu chenye kumetameta. Wakati huohuo beringi za pinioni, ambazo hukazwa makusudi zisiwe na mwanya hata kidogo, hutafuta makao yake. Joto la difu katika siku hizo huwa juu kuliko litakavyokuwa baadaye. Kipindi hicho kikipita uchakavu hupungua sana, lakini chembe zilizotoka mwanzoni hazijaenda kokote. Nzito hutuama chini, au hunaswa na sumaku kwa zile difu ambazo nati yake ya kumwagia ina sumaku. Nyepesi huendelea kuzunguka na oili na kupenya katikati ya roli za beringi. Sumaku nayo haishiki shaba, wala unga usio wa chuma wa plati za difu ya kuzuia mtelezo, ile ambayo mafundi huiita LSD.

Kwa gari la kawaida la kwenda ofisini, hali hiyo huvumilika. Watengenezaji wengi hawaagizi oili ya kwanza ya difu imwagwe mapema, na baadhi husema imewekwa kwa maisha yote ya gari. Kwa gari lenye nguvu hesabu hubadilika, kwa sababu meno ni yaleyale machache lakini msukumo unaopita juu yake ni mkubwa zaidi. BMW huagiza magari yake ya M yarudi kwa huduma ya kwanza yakitimiza kilomita 2,000, na katika huduma hiyo oili ya injini na ya difu ya nyuma zote humwagwa. Agizo hilo linatosha kuonyesha kwamba kumwaga mapema si wasiwasi wa wapenda magari peke yao. Lakini mapema nako kuna mpaka. Oili ikimwagwa baada ya kilomita 100 meno huwa bado yanasawazishana, na oili mpya itachafuka vilevile. Kati ya kilomita 800 na 2,000 ndipo mahali penye maana.

Neno "maisha" linahitaji kutazamwa kwa jicho la mwenye gari wa Dodoma, Tanzania. Kiwanda kinapoandika maisha ya gari kinawaza mnunuzi wa kwanza, nchi yenye barabara zake na miaka ambayo gari hilo litakuwa huko. Gari hilohilo linapopanda meli kuja Dar es Salaam, maisha hayo mara nyingi yameshakwisha na mengine yanaanza.

Tangu Rais John Magufuli alipotangaza mwaka 2016 kwamba serikali inahamia Dodoma, magari yameongezeka mjini humo pamoja na watumishi walioyaleta. Yale yenye nguvu ni ya Kijapani kwa sehemu kubwa: Mark X na Crown Athlete zinazosukumwa kwa magurudumu ya nyuma, Altezza ambazo bado zina wapenzi wake, Subaru Impreza WRX na Forester za turbo. Karibu yote yalifika yakiwa yametumika. Sheria ya kodi huliongezea ushuru gari lililozidi umri wa miaka 8, na bado watu hulipa, kwa kuwa hayo ndiyo yanayopatikana. Mark X ya mwisho ilitoka kiwandani Desemba 2019. Altezza haikutengenezwa tena Japani baada ya 2005. Hakuna mtu wa Dodoma atakayenunua moja ya hizo ikiwa na kilomita sifuri.

Kwa hiyo swali la oili ya kwanza hapa haliulizwi kwa kilomita za kwenye dashibodi. Linaulizwa kwa matukio. La kwanza ni gari kufika. Karatasi ya mnada wa Japani huandika mikwaruzo ya bodi, kutu na hali ya viti, lakini oili ya difu haiandikwi, na aliyekuwa akiliendesha gari hilo Osaka hayuko wa kuulizwa. Jambo la busara ni kuihesabu oili iliyomo kuwa ya zamani hadi ithibitike vinginevyo, na kuimwaga kabla gari halijapigwa safari ndefu. Tukio la pili ni difu kufunguliwa: beringi zimebadilishwa, krauni na pinioni mpya zimefungwa, au difu nzima ya mtumba imeletwa kutoka maduka ya spea ya Ilala, Dar es Salaam. Katika hayo, krauni na pinioni mpya ndizo hasa zinazodai oili imwagwe baada ya kilomita 800 hadi 1,000, kwa kuwa hapo kweli meno yanaanza kujuana. Tukio la tatu ni maji, nalo litaelezwa chini zaidi kwa sababu uwanda wa kati wa Tanzania una namna yake ya kuyaleta.

Siku za kusawazisha meno mapya zina masharti yake. Gari halivuti tela, halikanyagwi mafuta hadi mwisho, wala halishikiliwi kwa kasi moja kwa saa nzima. Safari ya kwanza inapaswa kuwa fupi, mfano kutoka mjini hadi Buigiri, kisha gari lisimame difu ipoe kabisa kabla ya kurudi. Joto likipanda na kushuka mara kadhaa kwa kiasi, chuma hukaa vizuri kuliko kikipashwa mara moja mpaka oili iungue. Fundi aliyefunga difu asubuhi na kumwambia mteja aende Dar es Salaam jioni ile amemharibia kazi yake mwenyewe.

Hiyo safari ya Dar es Salaam inafaa kupigiwa hesabu. Ni kilomita 450 hivi. Tairi la Mark X kwa kawaida huwa na mzingo wa mita 2 na ushei, kwa hiyo huzunguka zaidi ya mara 200,000 njiani. Pinioni huzunguka mara nne ya hapo au pungufu kidogo, kutegemea uwiano wa difu. Ni mara 800,000 na zaidi kwa siku moja, katika lita moja ya oili. Na barabara yenyewe haiachi gari litambae kwa utulivu. Kuanzia Chamwino hadi Kibaigwa, Gairo na Dumila, kila kijiji kina kibao cha 50 na matuta yake. Gari linapungua, linaruka tuta, linakanyagwa tena mpaka kibao kinachofuata. Dereva akiachia mafuta, meno ya krauni huegemea upande mmoja. Akikanyaga, huegemea mwingine. Gari lenye injini ya turbo au V6, likiwa na watu watano na maboksi ya zabibu kwenye buti, hulirudia tendo hilo mamia ya mara kabla ya kufika Morogoro. Watu hudhani difu huchoshwa na milima tu. Ni kweli Sekenke, upande wa Singida kuelekea Igunga, na miinuko ya Kolo kwenye njia ya Kondoa huipasha difu moto. Lakini matuta ya barabara ya Morogoro, nyanda tupu pande zote, huenda yanaifanyisha kazi zaidi.

Vumbi ni suala jingine. Kongwa, mashariki mwa Dodoma, ndiko serikali ya Uingereza ilikoanzisha mradi mkubwa wa karanga mwaka 1947, ukafa 1951. Mradi ule ulikuwa na makosa mengi, ila mojawapo ya mambo yaliyowashangaza waliouendesha ni jinsi udongo wenye chembe kali ulivyokula majembe na mashine zao. Udongo ule haujabadilika. Difu iliyofungwa vizuri haiingizi vumbi kirahisi. Vumbi hupitia sili iliyochoka au bomba la kupumulia lililopoteza kofia yake. Na zaidi ya hapo huingizwa na mkono wa binadamu, nati inapofunguliwa kabla ya kufutwa. Chembe moja ya mchanga wa kwatzi ni ngumu kuliko chuma cha beringi.

Maji huja kati ya Desemba na Aprili. Mvua ya Dodoma ni chache, kiasi cha milimita 570 kwa mwaka, lakini hushuka kwa vishindo, na makorongo yaliyokuwa mchanga mkavu miezi saba hujaa kwa saa moja. Difu iliyotoka safarini huwa ya moto na hewa yake ya ndani imepanuka. Gari likiingia korongoni, kasha hupoa ghafla, hewa hujikunja na kuvuta kitu cha kujaza nafasi. Bomba la kupumulia likiwa chini ya maji, kinachovutwa ni maji. Oili iliyopata maji hugeuka rangi ya chai ya maziwa, hupoteza utando wake na kuanza kutia kutu beringi. Hapo hakuna kusubiri kilomita: humwagwa siku hiyohiyo au kesho yake, na pengine mara mbili, kwa kuwa mwago wa kwanza huacha unyevu kwenye kuta za kasha.

Katika uchaguzi wa oili, mafundi wengi husema kwa namba: 90 au 140. Namba hiyo ni uzito wa oili ikiwa na joto la nyuzi 100. Herufi W na namba inayoitangulia zinahusu baridi. 75W imepimwa kwa nyuzi 40 chini ya sifuri, 85W kwa nyuzi 12 chini ya sifuri. Dodoma ya Julai alfajiri ni nyuzi 13 au 14 juu ya sifuri, kwa hiyo 85W-90 haitaganda hapa. Kwa magari mengi ya Kijapani yaliyotajwa, 75W-90 au 85W-90 yenye daraja la GL-5 ndiyo jibu, ingawa baadhi ya Toyota za karibuni zimeandikiwa nyepesi zaidi, na kitabu cha gari ndicho kinachoamua. Daraja la GL-4 lina viambato pungufu vya salfa na fosforasi na halifai meno ya haipoidi, hata likiuzwa kwa bei nzuri.

Namba 140 ina wapenzi wake gereji, na sababu yao inaeleweka: difu iliyokuwa ikivuma hunyamaza. Hunyamaza kwa kuwa oili nzito imejaza mianya, huku jino lililolika likibaki vilevile. Oili nzito pia huchelewa kufika kwenye beringi za pinioni asubuhi na huongeza joto kwa kukorogwa. Gari linalokaribia kuuzwa mara nyingi ndilo linalotiwa 140, jambo ambalo mnunuzi angependa kulijua.

Difu ya LSD inahitaji umakini wa ziada. Yenye plati hudai oili iliyoandikwa kuwa inafaa LSD, la sivyo gari hukwamakwama na kugonga kwenye kona kali, kwa mfano wakati wa kugeuza kwenye maegesho. Ya Torsen, iliyowekwa katika baadhi ya Altezza RS200, haina plati. Hufanya kazi kwa gia za mpindo na hutosheka na GL-5 ya kawaida. Baadhi ya WRX zina kifaa cha silikoni kilichozibwa ndani ya difu. Silikoni hiyo haibadiliki kwa kumwaga oili, na ikiisha nguvu hakuna oili itakayoirudisha.

Subaru zina mtego mwingine. Zenye gia za mkono, oili ya giaboksi ndiyo hiyohiyo ya difu ya mbele. Mwenye gari akiambiwa kwamba oili ya gia imebadilishwa hudhani kazi imekwisha, kumbe difu ya nyuma ina kasha lake peke yake na oili yake, lita 0.8 kwa nyingi na lita 1 kwa difu kubwa ya R180 ya WRX STI. Kwa zile za otomatiki difu ya mbele ina nati yake, karibu na ya giaboksi, na fundi asiyezizoea huweza kumwaga moja akajazia nyingine.

Kazi yenyewe haimalizi saa. Gari huendeshwa kilomita chache oili ipate joto na chembe zinyanyuke, kisha hupandishwa kwenye shimo la gereji au stendi nne likiwa sawa. Likiinama, kipimo kitadanganya. Eneo la nati zote mbili hufutwa na kupigwa brashi. Nati ya juu, ya kujazia, hufunguliwa kwanza. Ikigoma, kazi husimama hapo. Aliyekwisha kumwaga oili kabla ya kugundua kwamba nati ya kujazia imekwama amelilaza gari gerejini. Ndipo ya chini hufunguliwa, oili ikaachwa idondoke mpaka ikate. Sumaku husafishwa, washa mpya huwekwa, na oili hupampwa kwa pampu ya mkono hadi ifike kwenye mdomo wa tundu la kujazia na kuanza kutiririka. Hapo ndipo penye kipimo. Kuongeza zaidi hupandisha shinikizo na kusukuma oili kwenye sili.

Oili iliyotoka husomwa kabla ya kuondolewa. Unga laini wa kijivu kwenye sumaku, kama grisi nyeusi, ni wa kawaida, na kwa meno mapya huwa mwingi. Vipande vinavyoweza kushikwa kwa kucha si vya kawaida. Kipande chenye pembe ni jino. Magamba membamba yanayong'aa mara nyingi ni ya beringi. Rangi ya maziwa ni maji. Oili nyeusi yenye harufu ya kuungua inaeleza difu iliyopashwa moto kupita kiasi au iliyokaa na kiwango pungufu, na katika hali hiyo sili ya pinioni hukaguliwa kwanza.

Oili chafu ya Dodoma ina hatari yake ya pekee, kwa kuwa jiji hutegemea sana visima vya Makutupora, kaskazini mwa mji. Kumwagia uani, au kuwapa watu wa kupaka miti ya uzio, ni desturi ya miaka mingi. Dumu lenye kifuniko na gereji inayokusanya ni bora zaidi. Lita moja kwa kila difu haionekani kitu mpaka zihesabiwe gereji zote za mji.

Baada ya mwago wa kwanza, gari linalotumika kwa nguvu hurudiwa kila kilomita 30,000 hadi 40,000, pungufu ya hapo likiwa la mashindano au la kuvuta mizigo. Siku moja au mbili baada ya kazi, nati hutazamwa kama zinavuja. Difu ikianza kuvuma kwa kasi fulani, tuseme kati ya 60 na 80, na sauti kubadilika dereva anapoachia mafuta, meno au beringi zimeshalika, na mianya yake hupimwa kwa sehemu za mia za milimita na fundi mwenye saa ya kupimia. Ikibidi difu nyingine iletwe kutoka Ilala, oili iliyokuja nayo humwagwa kabla haijafungwa. Mpya nayo hukaguliwa baada ya kilomita 1,000 za kwanza.